Jabali na Mwanatufani Wanakunywa Chai

Katika nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa hiari yangu mwenyewe, watu walikuwa hawasomi. Wizara ya Elimu ya nchi hiyo ilifanya utafiti kuhusu jambo hili, ikatoa ripoti nene, na mpaka leo hakuna aliyeisoma. Kitu pekee kilichosomwa kutoka mpaka hadi mpaka ni vitabu vya vibonzo vya mashujaa, navyo havikusomwa nyumbani. Vilisomwa kwa kinyozi.

Nieleze desturi hiyo, maana ni ya kwao. Kinyozi hununua nakala moja, akaitundika kwa kamba pembeni ya kioo. Wateja walio kwenye benchi humteua mmoja wao mwenye koo zuri, naye huwasomea wenzake kwa sauti, akiigiza ngumi, ngurumo na vilio vya majambazi. Mambo yakikolea, kinyozi husimamisha mashine hewani, na mteja aliyeko kitini hukaa na nusu ya nywele mpaka adui aanguke. Hakuna anayelalamika, kwa sababu na yeye anasikiliza.

Kabla sijaenda mbali, niseme wazi kwamba nchi hiyo si yetu. Kwetu mambo ni shwari, ofisi zina watu na mabomba yana maji. Msomaji alikumbuke hili kila atakapohisi kwamba mtu fulani humu ndani amewahi kukutana naye.

Mashujaa waliopendwa kule walikuwa wawili. Wa kwanza ni Jabali, aliyekuwa mpagazi wa sokoni hadi siku alipomeza kipande cha mlima kwa bahati mbaya, na tangu hapo akawa anaweza kubeba chochote: lori, daraja, hata kikao cha baraza la mawaziri kikiwa bado kinaendelea. Wa pili ni Mwanatufani, fundi cherehani aliyekumbwa na kimbunga akiwa anapiga pasi. Akipuliza, mabati yanang'oka mtaa mzima, na akivuta pumzi yanarudi kwenye misumari yake.

Wote wawili walizaliwa juu ya meza moja. Jabali alichorwa na Hiza Mndolwa, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi. Mwanatufani alichorwa na mkewe, Tunu, mwanamke mfupi aliyesema na ya mumewe. Walikuwa wakikaa pande mbili za meza, birika la chai katikati, na wote wakimfanyia kazi Mzee Gombera, mchapishaji pekee wa nchi nzima. Nadhani walikuwa na raha, ila hawakuwa na nafasi ya kulitambua hilo.

Kisha Mzee Gombera akafariki, akaacha wana wawili, Nuhu na Sudi. Ndugu hawa walikuwa hawaelewani tangu walipobishana kama Jabali avae viatu au aende peku. Walipogawana mirathi, kila kilichokuwa kimoja walikikata na kila kilichokuwa jozi walikitenganisha. Pikipiki ya marehemu ilitoka gurudumu la mbele kwa mkubwa na la nyuma kwa mdogo. Saa ya ukutani, mmoja alichukua mshale mrefu na mwingine mshale mfupi, na wote wawili wakawa wanachelewa kila mahali. Hatimaye wakafika kwa wachoraji, ambao bahati mbaya walikuwa jozi.

Hiza akaenda kwa Nuhu pamoja na Jabali, kwenye kampuni mpya iliyoitwa Gombera Asilia. Tunu akaenda kwa Sudi pamoja na Mwanatufani, kwenye kampuni mpya zaidi iliyoitwa Gombera Halisi. Na ili siri zisivuje, ndugu wale wakakubaliana jambo moja, la kwanza na la mwisho: Kifungu cha Tisa, kinachosema kwamba mchoraji wa nyumba moja hataishi, hatakula wala hatalala chini ya paa moja na mchoraji wa nyumba nyingine. Tunu na Hiza walikwenda mahakamani kueleza kwamba wao wameoana. Mahakama iliwapongeza kwa ndoa yao, ikawaambia mkataba ni mkataba.

Tunu alihama na sufuria, Hiza akabaki na birika. Waliruhusiwa kuonana kila Jumamosi kwenye ukuta wa shule moja, kila mmoja upande wake, huku walinzi wa nyumba zote mbili wakiwa wamekaa juu ya ukuta wakitafuna karanga na kusikiliza. Mimi ni mtu wa kucheka ovyo, lakini hapa sikucheka. Mtu na mkewe kuulizana habari ya homa mbele ya watu wanaotema maganda ni jambo la kuudhi, na nalisema kama lilivyo.

*

Nchi nayo ikagawanyika. Vinyozi wa Asilia walipaka vibanda vyao rangi ya bluu, wa Halisi wakapaka njano. Wachumba waliulizana kwanza nani msomaji wa nani, ndipo wakaulizana dini. Chama tawala kilikuwa upande wa Jabali na wapinzani upande wa Mwanatufani, kisha siku moja wakabadilishana pande, na hakuna katika viongozi wao aliyegundua.

Serikali iliyavumilia haya mpaka yalipofika kichwani kwa Mheshimiwa Daktari Kalenga Mwamtobe, Waziri wa Mshikamano na Mabango. Mheshimiwa aliingia kwa kinyozi wa njano bila kuangalia rangi, akakaa, akanyolewa upande wa kushoto, na kwa kunogewa na mazungumzo akasema kwamba Jabali anaweza kumwinua Mwanatufani kwa kidole kimoja huku anapiga miayo. Kinyozi alizima mashine. Alimfungua Mheshimiwa kitambaa shingoni, akakikung'uta, akamwita mteja mwingine.

Sasa, vinyozi wa kule wana mwiko wao. Hakuna anayemalizia kichwa kilichoanzwa na mwenzake, awe nani, iwe vipi. Mheshimiwa alizunguka mji mzima akitafuta wa kumsitiri, kila kibanda kinamwangalia na kumwambia arudi alikotoka. Akaingia bungeni vile vile, nusu amenyoa na nusu hajanyoa. Televisheni ya taifa ilimpiga picha kutoka kushoto tu, lakini Mtukufu Rais alikuwa amekaa upande wa kulia, na papo hapo akatambua kwamba umoja wa kitaifa umo hatarini.

Amri ikatoka. Nyumba zote mbili zishirikiane kutoa kitabu kimoja, kiitwe Toleo la Umoja, ambamo Jabali na Mwanatufani watakutana kwa mara ya kwanza tangu mirathi, na kiwe mikononi mwa wananchi kabla ya Sikukuu ya Taifa. Tume ikaundwa, mwenyekiti akawa Mheshimiwa Mwamtobe mwenyewe, akiwa na kofia.

Hiza na Tunu wakaletwa kwenye Nyumba ya Wageni wa Serikali wachore pamoja. Kuhusu Kifungu cha Tisa, mwanasheria wa Tume alitamka kwamba paa la serikali si paa kisheria, kwa kuwa linavuja. Basi wakawekwa meza moja, katikati umepigwa mstari wa chaki, na wale walinzi wa Jumamosi wakaletwa na karanga zao.

Mheshimiwa aliwahutubia kwa kirefu juu ya wajibu wa kalamu katika ujenzi wa taifa, kisha akafika kwenye lililowahusu. Wakimaliza vizuri, Kifungu cha Tisa kitatazamwa kwa jicho la huruma. Wasipomaliza, kila mtu atarudi kwao. Na Sudi Gombera, aliyekuwepo, akaongeza kwa furaha kwamba Halisi inahamia mpakani kaskazini, safari ya siku mbili kwa basi, pamoja na mali zake zote. Alipotaja mali alimtazama Tunu. Yaani zile Jumamosi za ukutani nazo zilikuwa ukingoni.

Hiza alichukua kalamu akaanza kuichonga, akaichonga mpaka ikaisha.

*

Kazi ikaanza, na ikaanza na jalada. Nuhu alitaka jina la Jabali litangulie. Sudi alitaka la Mwanatufani. Ndugu hawa walikuwa wamekaa bega kwa bega lakini hawazungumzi, kwa hiyo kila mmoja alimwambia katibu wa Tume, naye katibu akamgeukia wa pili akamwambia alichokwisha kukisikia. Baada ya mabishano marefu ikaamuliwa majina yaandikwe kwa mduara bila mwanzo, na msomaji akitaka kuyasoma azungushe kitabu kama usukani.

Likaja suala la urefu. Jabali ni jitu, na Mwanatufani ni mama wa kimo cha kawaida. Halisi wakasema huo ni udhalilishaji. Ikaamuliwa Mwanatufani asimame juu ya kigoda katika kila picha, na kigoda kichorwe kwa heshima. Maneno ya huyu yalingane na maneno ya yule. Jabali akimpiga Mwanatufani ngumi ya taya, kiboksi kinachofuata arudishiwe ngumi ile ile, taya lile lile. Asishindwe hata mmoja. Mwanasheria akaongeza kwamba asishinde hata mmoja, kwa sababu ukishinda umemshinda mwenzio. Akaletwa mpima ardhi na mkanda wake, akawa anapima misuli ya huyu na ya yule kila ukurasa unapokwisha, na mara moja alimfuta Jabali nusu ya kidevu kilichokuwa kimevuka mpaka.

Hiza na Tunu walichora na kufuta, wakafuta na kuchora. Walikuwa radhi kwa lolote, mradi kazi iishe. Ila mashujaa wasiopigana wao kwa wao wanahitaji adui wa kupigana naye pamoja, na hapo ndipo Tume ilipokwama.

Hiza alichora jambazi mwenye tumbo kubwa na pete kila kidole. Kabla wino haujakauka, waheshimiwa walipanga foleni mlangoni kulalamika kwamba wamechorwa wao. Walikuja na picha zao za harusi kuthibitisha. Wawili nusura wakamatane mashati, kila mmoja akidai tumbo ni lake. Tunu akabadilisha, akaweka mamba anayemeza kila kinachopita mtoni. Mkuu wa bandari akafika akiwa amefura, akasema jina hilo anaitwa yeye na wafanyakazi wake wakidhani hasikii. Wakajaribu zimwi lenye vichwa viwili. Wizara moja yenye manaibu wawili ikaandamana. Wakajaribu fisi, wakajaribu kupe, wakajaribu ugonjwa wa kulala. Kwa huo ugonjwa bunge zima lilisimama.

Msinielewe vibaya. Mimi niliwaheshimu sana waheshimiwa hao. Ni viongozi wachache duniani wanaoweza kumwona kupe, wakasimama hadharani na kusema, huyu ni mimi.

Mwishowe Tume ikatoa mwongozo: Toleo la Umoja lisiwe na adui wa aina yoyote, awe mtu, mnyama, mdudu au hali ya hewa. Sikukuu ya Taifa ilikuwa imeshaanza kutundikiwa mabango. Sudi alikuwa ameshaanza kufunga mizigo.

*

Mchana huo walinzi walikwenda kununua karanga, na kwa mara ya kwanza tangu mirathi mtu na mkewe wakabaki peke yao. Mtu angetarajia washikane mikono walie. Hiza alisema anataka chai. Alikuwa amelileta birika lile lile la zamani, limefungwa kwenye kanga aliyoiacha Tunu. Akaliweka chini ya bomba, akafungua. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

Tunu alimwuliza meneja wa nyumba ile, akaambiwa maji hayajatoka tangu wageni wa mwaka juzi, na mhusika ameshajulishwa. Akakiendea chumba cha mhusika hapo hapo uani. Mlango ulikuwa wazi, mezani pana kalamu, na kwenye mgongo wa kiti limetundikwa koti. Watu waliokuwa kwenye benchi nje walimwambia asubiri, mwenyewe yupo, koti si lile pale. Mmoja wao alikuwa ameanza kumsubiri akiwa hajaoa.

Alirudi akakaa. Alilitazama lile birika kavu kwa muda mrefu, na Hiza, aliyekuwa anamjua, akasogeza karatasi karibu yake, juu ya mstari wa chaki.

"Tuwachore wanakunywa chai," Tunu alisema.

"Maji hakuna," Hiza akajibu.

"Basi ndiyo hadithi yenyewe hiyo, mume wangu."

Wakachora. Kitabu kilianza na Jabali kumtembelea Mwanatufani nyumbani kwake. Anakaribishwa, anapewa kiti, mwenyeji anaweka birika chini ya bomba, bomba linakohoa. Mashujaa wanatazamana. Wanatoka kwenda kumwona mhusika. Wanakuta kiti na koti. Wanakaa kwenye benchi. Ukurasa wa pili wamo kwenye benchi. Wa tatu wanaelekezwa ofisi ya jirani, nako kuna kiti na koti. Jabali anaiinua ofisi nzima kwa mkono mmoja kuchungulia kama mhusika yuko chini yake, anakuta koti jingine. Mwanatufani anapuliza. Makoti yote ya mji yanaruka angani, yanapunga mikono, yanageuka geuka, kisha moja baada ya jingine yanashuka na kutua kila moja kwenye kiti chake. Watu kwenye benchi wanasema, mnaona, wamerudi. Mwisho mashujaa wanarejea nyumbani, wamechoka kama watu wengine. Jirani bibi kizee anawapa kikombe kimoja kutoka kwenye mtungi wake, wanapika chai, wanagawana nusu kwa nusu, wamekaa.

Tume ilikikagua kitabu kwa siku nzima. Mpima ardhi alipima benchi akathibitisha kwamba mashujaa wamesubiri sawasawa, na chai imegawanywa bila upendeleo. Nuhu alifurahi kwamba Jabali ameinua jengo, Sudi akafurahi kwamba Mwanatufani amepuliza mji. Waheshimiwa walioalikwa kujitafuta walipekua ukurasa kwa ukurasa, na kila mmoja akatoka ametabasamu. Hapakuwa na tumbo, pete wala jino. Palikuwa na viti vitupu tu, na nani atajitambua kwenye kiti kitupu?

Mheshimiwa Mwamtobe aliandika dibaji. Alikiita kitabu hicho kielelezo cha subira ya wananchi wetu na utulivu wa ofisi zetu.

*

Toleo la Umoja lilitoka mkesha wa Sikukuu. Vinyozi wa bluu na wa njano walitundika kitabu kile kile kwa mara ya kwanza. Benchi zilijaa, wasomaji wakasafisha makoo, na walipofika kwenye koti la kwanza, watu walicheka mpaka benchi moja ya magharibi ya mji ikavunjika miguu. Mashine zilizimwa. Siku ya Sikukuu nusu ya taifa ilipita mbele ya Mtukufu Rais na nusu ya nywele, na yeye, masikini, akadhani ni heshima kwa waziri wake.

Serikali isingejua kamwe kilichokuwa kinachekwa, maana serikali haicheki na watu. Iliambiwa na kinyozi. Yule wa njano aliyekianza kichwa cha Mheshimiwa alimtumia salamu aje amalizie, bure, kwa kumshukuru. Mheshimiwa akaenda mbio. Akakaa, akavua kofia, akafumba macho kwa raha. Benchi ikaendelea kusomewa, ikaendelea kucheka, na mashine ilipofika karibu na sikio Mheshimiwa akauliza kwa upole wanacheka nini, mbona kitabu hakina adui.

"Mheshimiwa, koti ni ninyi," kinyozi akamwambia kwa heshima zote. "Tumekupenda sana kwa ujasiri wa kukubali."

Mheshimiwa alitoka na kitambaa shingoni. Alifika wizarani, akafungua mlango wa ofisi yake, akaliona koti lake limekaa kitini, limemtangulia. Inasemekana walitazamana.

Jioni hiyo ilitoka amri kwamba makoti yote yaondolewe kwenye viti vya umma nchini kote. Asubuhi yake viti vilikuwa vitupu kweli kweli, na wananchi wakaanza kuuliza wenyewe wako wapi. Haikubaki njia ila kuja kukaa. Maofisa wengine waliulizia ofisi zao zilipo. Mmoja alijitambulisha kwa katibu wake, wakapeana mikono. Wiki ile, katika mitaa kadhaa, maji yalitoka, na watu wakayaogopa kwa namna yalivyokuwa meupe.

*

Hiza na Tunu wakakamatwa, wakafikishwa mbele ya Tume kwa kosa la kuwadhihaki viongozi. Nuhu na Sudi nao wakaitwa kama wenye mali. Mheshimiwa alikuwa amevaa shati tupu, kichwa kimenyolewa robo tatu, na hasira nzima.

Sheria ya nchi ile ni nzuri sana. Inasema mtu hawezi kuwa amedhihakiwa mpaka ajitokeze mwenyewe aseme, aliyechorwa pale ni mimi. Tangazo likatolewa redioni: yeyote aliyejitambua kwenye koti afike atoe ushahidi. Wale wale waliokuja na picha za harusi kugombea tumbo, safari hii hawakuonekana hata kivuli. Mkuu wa bandari alisema yeye havai koti, wala hajawahi kuhisi baridi. Alikuja mtu mmoja tu, Tume ikamkaribisha kwa shangwe, kumbe aliibiwa koti lake kwenye harusi na alitaka kujua kama limepatikana. Mheshimiwa mwenyewe aliulizwa na mwanasheria, kwa sauti ya chini, kama angependa kuwa mlalamikaji. Aligusa mabega yake yaliyokuwa na shati tu, akasema hapana.

Palipokosekana mlalamikaji, mwanasheria akashauri aadhibiwe mwenye kitabu. Afungiwe kiwanda, mitambo itaifishwe. Akauliza, kitabu hiki ni cha nani.

Ndugu wale, waliowahi kugombea kidevu cha Jabali kwa mkanda wa mpima ardhi, walisimama kwa pamoja. Nuhu akaapa kwamba kitabu si cha Asilia, na kwamba Hiza Mndolwa si mchoraji wake, hajawahi kuwa mchoraji wake, na Jabali hamfahamu hata kwa sura. Sudi hakutaka kushindwa. Akaapa kwamba Tunu si wa Halisi, hakuwa wa Halisi tangu siku ya kwanza, na huyo Mwanatufani ndiyo kwanza anamsikia. Walipomaliza waligundua kwamba wamekubaliana tena, wakaangaliana kwa mshangao.

Tunu akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba hayo yarudiwe polepole," alisema, "kisha yapigwe muhuri."

Mwanasheria aliyarudia, maana ndiyo kazi yake, na katibu akagonga muhuri, maana ndiyo raha yake. Hapo Hiza, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa amefungua mdomo mbele ya Tume, akasimama, kichwa chake kikakaribia paa lisilo paa.

"Basi Kifungu cha Tisa hakituhusu," akasema.

Mwanasheria alifungua mkataba, akaufunga. Kifungu kilihusu wachoraji wa Asilia na wachoraji wa Halisi. Hawa wawili, kwa kiapo na kwa muhuri, hawakuwa wachoraji wa mtu yeyote, na mashujaa wao hawakuwa na mwenyewe. Mheshimiwa akaahirisha kikao. Wale walinzi wawili mlangoni hawakujua wamlinde nani na dhidi ya nani, wakawapa Hiza na Tunu karanga zilizobaki.

Walikwenda nyumbani kwao, ile ya zamani, Tunu na sufuria zake, Hiza na birika. Walifungua madirisha, wakapangusa meza, wakaketi huku na huku bila mstari wa chaki. Hiza alisema anataka chai. Akaweka birika chini ya bomba, akafungua, bomba likakohoa. Ile wiki ya maji ilikuwa imekwisha, kwani maofisa walishagundua kwamba amri ilikataza makoti tu, siku hizi wanaacha miwani mezani. Tunu alicheka mpaka akashika ukuta, akachukua ndoo akaenda kwa jirani, na Hiza akamfuata nyuma kuibeba, ingawa ilikuwa ndoo ndogo na barabara ni fupi.

Ndivyo walivyo watu wa nchi ile, na narudia tena kwamba si yetu. Ningependa kueleza mengine, lakini nasikia ndoo zinagongana uani na mke wangu ananiita kwa sauti ambayo si ya utani. Yametoka, na mara ya mwisho yalipotoka nilichelewa kwa sababu nilikuwa namalizia sentensi.